Mjaka Bado Anafikiri

Watu wanadhani kuandika habari za karata ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Hata mke wangu, Bi Mwanapili, akiulizwa mumewe anafanya nini husema "anaandika magazetini," kisha hubadilisha mazungumzo haraka asije akaulizwa anaandika nini humo. Simlaumu. Mpira una waandishi wake na siasa ina wake, na karata ina mie peke yangu, Thuwein wa Wete, mtu mzima na mvi zangu.

Lakini njoo uifanye, yakhe, ndiyo utajua. Siku ya kombe nasimama kutwa. Wahedi wa sitini si mchezo wa kutazama ukiwa umekaa. Wachezaji ni wanne, wawili kwa wawili, mtu na mwenzake wametazamana, na kila karata ina thamani yake. Wawili watakaotangulia kufika sitini na moja ndio waliokula mkono. Basi mie nazunguka meza, nachungulia nyuma ya bega la huyu na la yule, karata za watu wanne wote nazihifadhi kichwani, huku kidole kinaandika kwenye simu na kumpelekea mhariri wangu Mjini. Yeye anazibandika kwenye ukurasa wa gazeti papo hapo. Wapemba waliotapakaa Muscat na Dar wanasoma, halafu wananitukana. "Thuwein, miwani yako umemwachia nani leo?" Hayo ndiyo malipo ninayoyapata kabla ya malipo.

Sasa, mtu anayeona karata za watu wote ni mtu wa hatari. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya kombe naapishwa. Mwamuzi, Mzee Turki, mwalimu mstaafu ambaye nusu ya Wete imepita kwenye bakora yake, ananisimamisha mbele ya ukumbi niape kwamba sitamsemesha mchezaji yeyote mpaka kombe liishe. Nikimsemesha, upande niliousemesha umekufa. Si mie tu, na watazamaji vilevile. Hakuna habari inayoingia kwenye meza ile, iwe ya heri au ya shari, wachezaji hawanyanyuki ila kwa sala, na wakenda kusali wanakwenda na mlinzi wao.

Utasema huo ni ukatili. Hukuwapo mwaka ule. Mwaka ule walikuwapo jamaa wawili, majina yao nayaficha kwa kuwa wana watoto wa kuolewa, kila karata zikikaza anaingia mtu ukumbini anahema: "Fulani, mama yako kaugua." Fulani anasikitika, anafuta uso kwa leso, kisha anatupa kopa. Mkono mwingine: "Fulani, mama yako kapata nafuu." Fulani anamshukuru Mungu, anatupa shupaza. Bibi wa watu alikuwa nyumbani kwake anakuna nazi, hana habari kwamba anakufa na kufufuka. Walipogunduliwa palikuwa si pahala. Tangu siku hiyo ikawekwa sheria, na watu wanaiita sheria ya mama. Hata ukifiwa, unafiwa baada ya karata. Tuliicheka sana, na mie niliiandikia makala nzima ya mzaha.

Mwaka huu kombe lilikuwa na kitu ambacho halijapata kuwa nacho. Mfadhili mmoja alitoa mashine ya boti, mpya, ingali ndani ya sanduku lake. Na fainali wakaingia Fundo na Mkoani.

Kwa mtu wa Mkoani mashine ile ni mashine. Kwa Fundo ni kitu chengine. Fundo ni kisiwa, kiko hapo mbele ya Wete, ukisimama bandarini unauona ukijani wake. Lakini mwanamke akishikwa na uchungu usiku, hapo mbele panakuwa mbali. Kisiwani mna mashine moja tu, ya Mjaka, nayo ni kongwe, ina maradhi mengi kuliko mwenye nayo. Siku ikigoma, watu wanavuta makasia. Mwanangu Mwanaasha kaolewa Fundo. Mtoto wake wa kwanza, mwaka jana, alifia katikati ya maji, kwenye makasia, huku taa za hospitali anaziona. Mie nilikuwa bandarini nawangojea. Sitaki kulisema zaidi.

Basi wanawake wa Fundo waliwasindikiza wachezaji wao mpaka kwenye maji. Wachezaji wenyewe ni huyo huyo Mjaka, mwenye boti, na mwenzake Jaribu, kijana mpole, mvuvi wa dema, ile mitego ya kutega samaki. Waliwaimbia kwamba wasiporudi na mashine wakalale kwa mama zao. Mke wa Jaribu, Mwanawema, tumbo lake ndiyo kwanza limeanza kuonekana, alimwambia mumewe mbele za watu: "Mie sivyai kwenye makasia, umesikia?" Watu wakacheka, na Jaribu akatazama chini. Haya nilihadithiwa na Bi Mwanapili kwa simu. Yeye alikuwa huko tangu Ijumaa, kamfuata Mwanaasha aje kujifungulia kwetu, kama ilivyo ada kwa mama. Makubaliano yalikuwa karata zikisha, Mjaka akirudi, awalete Wete kwa boti yake. Siku zake zilikuwa bado, tukiona tuna nafasi. Mumewe, Vuai, alikuwa dago, kambi ya uvuvi, huko pwani ya Tanga na wavuvi wenziwe.

Jumapili ile Fundo nzima ilihamia Wete. Kila mwanamume mwenye mguu na kila mashua yenye ubao ilikuja. Walifika asubuhi maji yamejaa, wakazipandisha mashua zao ufukweni, wakaingia ukumbini kwa kelele. Mjaka peke yake alitia nanga mbali, kwenye kina, maana boti yake nzito.

Mkoani waliwakilishwa na Silima na Ahmada. Silima mpagazi wa gatini, ana mikono ya kubebea magunia lakini karata anazishika kama mayai. Ahmada ana duka la vitambaa na maneno mengi. Walicheza vizuri, sitaki kusema uongo. Mkono wa kwanza wao, wa pili wao. Fundo wakafufuka. Mpaka tulipotoka sala ya adhuhuri wamekwenda karibu sambamba. Tatizo la Fundo ni Mjaka. Mjaka anafikiri. Watu wanamwita Kobe, na kobe angetaka radhi. Akishika karata anaitazama, anaigusa, anaiacha, anagusa nyengine, anairudia ile ya kwanza, anatazama dari. Mara tatu siku ile niliandika kwenye simu, "Mjaka bado anafikiri," na huko Muscat wakaanza kuweka dau la chai kama atatupa karata kabla ya magharibi.

Ndipo simu ikatikisika mkononi. Nikaona jina la Bi Mwanapili, nikatoka nje barazani kuipokea. Nilidhani anataka kuuliza matokeo.

Aliniambia Mwanaasha kashikwa na uchungu tangu asubuhi, akidhani ni mgongo tu, na sasa damu inatoka, nyingi, na mtoto hajashuka. Bi Tatu, mkunga wao, mwanamke aliyezalisha kisiwa kizima, kanawa mikono akasema hili si langu, mpelekeni ng'ambo sasa hivi. Na ufukweni hakuna chombo. Hata ngalawa hakuna. Wanaume wote wako huku, wanatazama karata.

Nilisikia nyuma yake mwanangu akilia. Analia kwa sauti niliyoijua tangu mdogo, anapolia na kujizuia asilie.

Nilimwita Nyange, jirani yangu mwenye pikipiki, alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia shuka bandarini, chochote kinachoelea kikamate. Akaondoka kwa moshi. Nikawatoa na watu wa Fundo wawili watatu pembeni, nikawanong'oneza, na rangi ziliwabadilika, wakamfuata mbio. Nami nikarudi ukumbini kumngojea Nyange.

Nyange aliporudi, nilijua jawabu kabla hajafungua mdomo. Lilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka nyasi za chini zinaonekana, mashua zote za Fundo zimelala ubavu kwenye matope, na mpaka maji yarudi ni jioni. Upepo hakuna hata wa kutikisa jani. Boti mbili za Wete zenye mashine zilitoka alfajiri kwenda kuvua, hazijarudi. Chombo kinachoelea ni kimoja tu, cha Mjaka. Lakini mashine ya Mjaka nishakwambia. Uzi wa tundu la kutilia plagi umekwisha, plagi yoyote ukiitia inaruka, isipokuwa moja tu ambayo mwenyewe kaizungushia karatasi ya sigara na kuifunga anavyojua. Na kwa kuwa anaogopa wezi, kila akishuka huichomoa, huitia mfukoni. Wale watu wa Fundo wakasema hata ukiipata plagi, mashine ile haisikii mkono wa mtu mwengine. Na ile mpya ya zawadi, kuitoa sandukuni na kuifunga kwenye boti ni kazi ya siku.

Plagi ilikuwa mfukoni mwa Mjaka. Mjaka alikuwa mezani. Nilimtazama, nikaona ile alama ya uvimbe kwenye mfuko wa shati lake, karibu na moyo, mbele yangu, ningenyoosha mkono ningeigusa.

Nilimwendea Mzee Turki. Yeye alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, anaonekana kama msimamizi wa mtihani. Niliinama nikamweleza yote sikioni, kwa sauti ya chini. Nikamwomba asimamishe mchezo kidogo tu. Au amwambie yeye Mjaka, kwa mdomo wake yeye mwamuzi. Au aruhusu plagi itoke na mtu ajaribu.

Mzee Turki alifumba macho. Mzee yule alinifundisha kusoma, na siku ya akika ya Mwanaasha yeye ndiye aliyemshika mtoto kichwani.

"Thuwein," alisema, "kila mwaka mama wa mtu anaumwa."

Nikamwambia mie si mtu wa hila, unanijua. Akasema anajua. Na akasema watu wa Mkoani waliojaa upande ule hawanijui, wanachokijua ni kwamba binti yangu kaolewa Fundo, na kwamba nimeziona karata zote nne. Akiniruhusu leo kwa kuwa ni mie, Mkoani hawatakubali na haki ni yao, na mwakani mama wote wa Pemba wataugua. Hakusema kwa ubaya.

"Sikuzuii kusema," akaniambia. "Mdomo ni wako. Lakini jua unalolisema lina bei gani, na anayeilipa si wewe."

Mezani walikuwa wamemaliza mkono. Fundo wameula. Sasa wamelingana kabisa, na umebaki mkono mmoja wa kuamua. Silima akazichanga karata.

Nisikilize sasa, maana watu wameniuliza sana, na wengine hawakuniuliza wakaamua wenyewe. Niliwaza hivi. Mkono mmoja ni kitu kidogo, ukichezwa na watu wenye akili timamu unakwisha upesi. Nikingoja mkono huu tu, Fundo wanapata mashine na mie nampata Mjaka. Mashine ile ndiyo itakayomvusha Mwanaasha mwengine na mwengine na mwengine. Nikisema sasa, naiua. Niliwaza pia kwamba mwanangu anatoka damu. Mawazo yote mawili yalikuwa ya kweli, na yalikuwa yananivuta huku na huku.

Nikazunguka meza, kwa kuwa miguu haijui kitu chengine. Nikaziona karata, na moyo ukanidunda. Turufu ilikuwa kopa. Jaribu alikuwa na ree ya kopa, karata kubwa kuliko zote. Fundo walikuwa na mkono wa ushindi, ukichezwa vizuri haupotei.

Zikaanza kutupwa. Mhariri alikuwa ananiandikia: vipi, vipi, wasomaji wanauliza. Nikawa naandika kwa kidole kisicho changu. Ahmada katoa mzungu, karata ya picha. Jaribu kakata. Silima kachelewa kidogo. Kila karata iliyoanguka niliisindikiza kwa dua. Na Mjaka, kila zamu yake ikifika, anatazama dari. Wallahi nilimchukia. Mtu yule hajanikosea kitu, kanibebea mwanangu siku ya harusi, na pale nilitamani kumkaba.

Zikabaki chache mikononi. Hesabu za Fundo zimekaribia, bado kidogo tu. Zamu ya Mjaka kuanza. Nilikuwa nyuma yake. Alikuwa na shupaza moja na uru. Nilishazunguka, nilishaona kila mtu ana nini. Jaribu hana shupaza hata moja. Mjaka akitupa shupaza, Jaribu anakata kwa ile ree ya kopa, na Silima analazimika kuitoa ree yake ya shupaza, hana nyengine, inaliwa. Hapo Fundo wameshinda, kombe limekwisha, mashine yao. Akitupa uru, Jaribu analazimika kuifuata, anayekata ni Ahmada, na Fundo wamekwisha. Karata mbili. Hata mtoto wa chuoni angeweza kubahatisha.

Mjaka akafikiri.

Niliandika kwenye simu: Mjaka bado anafikiri. Nikaipeleka. Ukumbi ulikuwa kimya mpaka unasikia feni. Aligusa shupaza. Akaiacha. Akagusa uru. Mgongo wangu wote ukatoka jasho. Nikasema kimoyomoyo, yakhe, shupaza, ya kushoto, tupa ya kushoto twende. Akarudi kwenye shupaza, akaisugua kwa kidole gumba. Akatazama dari. Jaribu mbele yake alikuwa haonyeshi kitu usoni, kama inavyotakiwa, ila mshipa wa shingo ulikuwa unapiga.

Simu ikatikisika. Nilijua ni mhariri. Hakuwa mhariri. Bi Mwanapili hajui kuandika ujumbe mrefu, na ule ulikuwa neno moja.

"Kanyamaza."

Nikasema. Sikuamua, au niliamua zamani, sijui. Niliusikia mdomo wangu.

"Mjaka, Mwanaasha anatoka damu, hakuna chombo Fundo. Nyanyuka."

Na wakati maneno yanatoka, macho yangu yako kwenye mkono wake, maana ndiyo kazi yangu, kutazama mikono. Shupaza ilikuwa imeshatoka nusu. Kidole kilikuwa kimeshaivuta. Neno na karata vilipishana kwa pumzi moja, na kilichotangulia ni neno langu.

Mjaka hakuuliza kitu. Aliziweka karata mezani zikatazama juu, shupaza mbele, akatia mkono mfukoni kuhakikisha plagi ipo, akanyanyuka. Yule mtu tuliyemwita Kobe alifika mlangoni kabla yangu. Nyuma yetu nilimsikia Mzee Turki akisema, kwa sauti ya darasani, kwamba mkono ni wa Mkoani na kombe ni la Mkoani. Upande wa Mkoani hawakushangilia. Upande wa Fundo, wale waliokuwa hawajui wakawa wanaulizana kuna nini.

Niligeuka mara moja. Jaribu alikuwa bado amekaa. Alikuwa amezifunua karata zake mwenyewe, anaitazama ile shupaza ya Mjaka, kisha ree yake ya kopa, kisha ile shupaza. Alikuwa anazihesabu.

Nyange alitushusha bandarini sote wawili kwenye pikipiki moja. Tukakanyaga matope mpaka magotini, kisha maji mpaka kifuani. Mjaka alitia plagi, akaifunga na karatasi yake, akavuta kamba. Haikuwaka. Akavuta tena. Akaichomoa plagi, akaifuta kwa ulimi, akaisemesha kwa maneno mabaya na mazuri. Mie nilikuwa nimekaa ubaoni nasoma kila dua niliyofundishwa, nazichanganya, mwanzo wa hii na mwisho wa ile. Ikakohoa. Ikawaka.

Njiani hatukusemezana ila mara moja. Nilimwambia, "Mjaka, ulikuwa unatupa shupaza." Akasema ndiyo. Nikamwambia ndiyo iliyokuwa yenyewe. Akasema anajua, lakini alitaka kuwa na hakika, kwa ajili ya mashine. Akaongeza moto na mashine ikalia kama mgonjwa.

Wanawake wa Fundo walikuwa wamembeba Mwanaasha kwa kitanda cha kamba, wameingia naye majini mpaka kiunoni wanatungojea. Bi Mwanapili alikuwa ameshika kichwa chake. Kanga zote zilikuwa nyekundu. Nilimwita, hakuitika. Nikamwita kwa jina la utotoni, akafungua jicho moja. Mwanawema alikuwa miongoni mwa waliobeba, upande wa miguu, na alipokwisha kumwingiza mwenziwe botini aliuliza jambo moja tu, kama mashine imepatikana. Mjaka akasema bado. Hakuniangalia aliposema.

Kurudi mashine ilizima mara moja katikati, pale pale, Yarabi, pale pale walipofikia mwaka jana. Sitakuhadithia. Ikawaka. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshateremka bandarini, Nyange kaliita, na watu wa hospitali ya Wete, Mungu awalipe, walikuwa wanakimbia badala ya kutembea. Walimpasua. Wakatutaka damu, akatoa Mjaka, nikatoa mie, na Ahmada wa Mkoani, muuza vitambaa, alikuja bila ya kuitwa akakunja mkono wa kanzu.

Mwanaasha yu hai. Mtoto yu hai, wa kike, ana mapafu ya muadhini. Nashukuru kila nikimsikia, na kila nikimsikia kuna kitu kinanichoma, vyote viwili kwa pamoja, nimeshaacha kuvitenganisha.

Mhariri wangu hakupata mwisho wa kombe kutoka kwangu. Simu yangu iliingia maji tulipokuwa tunaifuata boti. Huko Muscat na Dar walingoja, na ukurasa ulisimama kwenye maneno yale yale, Mjaka bado anafikiri, na wengine wamelifanya kuwa msemo wao wa kuchekea mtu mzito. Mashine iko Mkoani. Silima alitaka kuikataa, nasikia, wenziwe wakamwambia kombe si lake peke yake, na hata kwao wamo wanaovuka maji. Siwalaumu. Mzee Turki alikuja kumtazama mtoto, akakaa kidogo, hakunywa chai.

Watu wa Fundo walinistahi mno. Hakuna hata mmoja aliyenitamkia neno. Siku ya saba, tulipomchinjia mtoto, walikuja wengi na maji yaliyojaa, kwa makasia, maana ile mashine ya Mjaka tangu siku ile haijasema kitu tena. Wanawake walileta kanga na samaki, wakapiga vigelegele vya haki, wakambeba mtoto kwa zamu.

Jaribu alikuja nyuma ya wote. Alileta changu mkubwa aliyemtoa demani, kamfunga kwa ukindu, akampa Bi Mwanapili, akasali na sisi, akala kidogo. Nilikuwa namkwepa, nikajifanya nashughulika na masufuria. Alipotaka kuondoka akanifuata uani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama kijana anavyomshika mtu mzima anapomuaga.

"Mzee Thuwein," aliniambia, wala hapakuwa na hasira ndani yake, "Mwanawema siku zake ni mwezi wa Shaabani. Niombee upepo."

Nikamwambia inshaallah. Akavaa viatu vyake, akateremka bandarini kuwawahi wenziwe kabla maji hayajakupwa.